Mjukuu Alisema Nini Usiku Ule?

Juma hili tunaomba ruhusa tuzungumze habari ya nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa lililotupata sisi huenda limewapata wengine walio na watoto ng'ambo ya mto Ruvuma.

Wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka alitujia mjukuu wetu, binti wa miaka 7, aliyezaliwa na kulelewa Maputo, ambako mwanetu alikwenda kutafuta riziki na huko akaoa. Nyumbani kwao lugha ni Kireno, na shuleni ni Kireno. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: shikamoo, asante na babu. Nasi Kireno chetu hakikuzidi hapo.

Mchana mambo yalikwenda kwa ishara na vicheko. Usiku wa pili ikanyesha mvua ya radi, na umeme ukakatika. Mtoto akaketi kitandani akisema tena na tena, "Tenho medo." Baba yake alikuwa ametufundisha kwamba "tenho fome" ni "nina njaa", basi tuliposikia "tenho" tu, tukakimbilia jikoni. Bibi yake akamletea uji. Mtoto akaugeuzia uso wake ukutani. Asubuhi tulipompigia simu baba yake, akatufasiria: mtoto alikuwa akisema, "Naogopa." Alihitaji mkono wa kumshika, nasi tukampa bakuli.

Siku ile tuliazimia kujifunza, ingawa umri wetu umekwisha kuvuka miaka 60. Jirani yetu mmoja, kijana aliyefanya biashara kwa muda katika mji wa Pemba ulioko Msumbiji, alikubali kutufundisha kila baada ya swala ya Alasiri. Shauri lake la kwanza lilikuwa hili: yaacheni ya jana na ya kesho, anzeni na kitenzi cha wakati uliopo, kwani njaa ya mtoto na hofu yake ni mambo ya sasa.

Tulichokigundua mapema ni kwamba Kireno hufanya kinyume cha Kiswahili. Kwetu sisi mtendaji hukaa mwanzoni mwa kitenzi: ninasema, unasema, anasema. Kwao hukaa mwishoni. Twaa kitenzi "falar", yaani kusema. Ondoa "ar", ibaki "fal", kisha utie mwisho unaostahili: "falo" ni ninasema, "falas" unasema, "fala" anasema, "falamos" tunasema, "falam" wanasema. Kwa kuwa mwisho umekwisha kumtaja mtendaji, si lazima kutanguliza "eu", yaani mimi, kama vile sisi tusivyolazimika kusema "mimi ninasema".

Vitenzi vyao vimegawanyika katika makundi matatu, kwa kufuata herufi za mwisho: "ar", "er" na "ir". Kula ni "comer": como, comes, come, comemos, comem. Kufungua ni "abrir": abro, abres, abre, abrimos, abrem. Mwanafunzi akitazama vema ataona kwamba kundi la pili na la tatu katika orodha hizi hutofautiana kwenye nafsi ya "sisi" pekee. Tulipoliona hilo mzigo ulipungua, kwa maana tulidhani tumepewa orodha tatu za kukariri, kumbe ni mbili na nyongeza ndogo.

Umbo hili moja hufaa kwa jambo la kawaida: "como peixe" ni "nala samaki" au "mimi hula samaki". Ukitaka kusema kwamba umo katika kula wakati huu huu, Msumbiji husema "estou a comer".

Vipo vitenzi visivyofuata kanuni, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyohitajiwa kila saa. Cha kwanza ni kile kilichotuaibisha, "ter", yaani kuwa na. Herufi "nh" husomwa kama "ny" yetu. Basi: tenho, nina, tens, una, tem, ana, temos, tuna, têm, wana. Hapa Kiswahili kilitusaidia sana. Mwingereza husema yeye ni mwenye kuona njaa; Mreno husema ana njaa, sawasawa na sisi. "Tenho fome" ni nina njaa, "tenho sede" nina kiu, "tenho sono" nina usingizi, "tenho medo" nina hofu. Mlango ni ule ule mmoja. Sisi tuliufungua, lakini hatukungoja kuona nani anaingia.

Kisha huja "ser" na "estar", ambavyo huwasumbua wanafunzi wengi. Cha kwanza hukaribia "ni" yetu: "sou professor", mimi ni mwalimu. Cha pili hukaribia "yuko" na hali zipitazo: "a avó está em casa", bibi yuko nyumbani, "estou doente", ninaumwa sasa. Atakayekumbuka kwamba "ni" na "yuko" si neno moja, amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Adabu nayo imo ndani ya kitenzi. Mtoto na rafiki huitwa "tu": "tu falas". Mtu mzima hutajwa kwa heshima, na kitenzi hufuata nafsi ya tatu: "O senhor fala português?" Mjukuu mwenye malezi humwuliza bibi yake, "A avó quer chá?", maana yake, "Bibi anataka chai?", ilhali bibi mwenyewe yuko mbele yake. Hata kwetu watoto waliolelewa vema husema hivyo.

Wazee wenzetu wasiogope kwamba lugha hii ni ngeni kabisa. Meza, leso na bendera tulizipata kwa Wareno. Nao Wareno walichota katika Kiarabu kama tulivyochota sisi: sukari yetu ni "açúcar" yao, na zaituni ni "azeitona".

Mazoezi yetu yalikuwa mepesi. Kila juma tulichukua vitenzi vitano vya nyumbani, tukavitamka tukivitenda: kufungua mlango, kula, kunywa, kwenda. Tulikosea mara nyingi, na wajukuu walio hapa wakatucheka. Tuliwaacha wacheke, kwa sababu wakicheka nao hujifunza.

Juma lililopita mtoto wa Maputo alipiga simu. Akauliza kwa adabu kama babu sasa anasema Kireno. Tukajibu, "Falo um pouco," nasema kidogo. Kisha tukamwuliza swali tulilolibeba tangu usiku ule: "Tens medo?" Akajibu, "Não, avô. Tenho saudades." Safari hii hatukukimbia popote. Tulimwomba baba yake atufasirie neno la mwisho, naye akasema: ni hamu ya kumwona umpendaye aliye mbali.

Kwa wazazi mnaolea watoto ugenini, tunawasihi: wapeni watoto wenu Kiswahili wangali wadogo, wasije wakawa wageni kwa bibi zao. Na sisi wazee tusingoje watoto wavuke mto peke yao. Vitenzi vitano kwa juma havimshindi mtu mwenye nia. Yule binti atarudi likizo ijayo, inshallah, na mvua za radi hazijakoma.