Sindano ya Mikunjo ya Uso: Tusiwaachie Wauzaji Somo Hili

Mwishoni mwa mwaka uliopita nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa likizo. Binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alikuja kunijulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha tangazo katika simu yake. Muuzaji, asiyetaja jina wala cheo, aliahidi kuondoa mikunjo ya uso kwa sindano. Dawa ingefika kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kudungwa katika saluni ya mjini. "Mjomba," akaniuliza, "wewe uliyesomea mambo haya ng'ambo, hebu niambie: kitu hiki ni dawa au ni sumu?" Nilimjibu kwamba ni vyote viwili. Jibu hilo halikumridhisha, wala halipasi kumridhisha mwalimu yeyote. Naomba basi nilikamilishe hapa.

Kidungwacho ni protini inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Bakteria huyu yumo katika udongo wa sehemu nyingi za dunia, akiwa amelala katika umbo gumu liitwalo spora. Akifungiwa mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu na pasipo na uchachu wa kutosha, huamka, huongezeka na kutoa sumu. Ugonjwa utokanao na sumu hiyo huitwa botulizimu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa daktari Justinus Kerner wa Ujerumani aliuchunguza katika miaka ya 1820 kwa watu waliokula soseji zilizoharibika. Bakteria mwenyewe alitambuliwa na Émile van Ermengem wa Ubelgiji, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1897.

Wala jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilieleza mkasa wa botulizimu nchini Kenya baada ya watu kula mchwa. Mwaka 2008 wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda waliugua, na mmoja wao akafa. Chanzo kilichoshukiwa ni kiungo cha chakula chenye mafuta, kilichotengenezwa nyumbani. Mwanafunzi wa bweni ajuaye vikopo vya nyumbani vinavyofichwa chini ya kitanda hahitaji maelezo zaidi. Sumu hii huharibika chakula kikichemshwa barabara kwa dakika 10. Lakini Sumbawanga, iliyo mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hapana budi kuongeza dakika 6. Nazo spora haziuawi kwa kuchemsha kwa kawaida.

Sasa, sumu hii huuaje, na hunyooshaje uso? Jibu ni moja. Neva ikitaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu huingia katika ncha ya neva na kukata protini inayosaidia kuitoa kemikali hiyo. Amri haifiki, na msuli hulegea. Ikisambaa mwilini huweza kulegeza hata misuli ya kupumua, na mgonjwa anaweza kufa. Ikiwekwa kidogo mno katika msuli unaokunja ngozi kati ya nyusi, msuli huo hupumzika na mkunjo hufifia kwa miezi 3 hadi 4. Kisha neva hurudia kazi yake, na mkunjo hurejea.

Aliyeigeuza sumu hii kuwa dawa ni daktari Alan Scott wa San Francisco, aliyetafuta tiba ya makengeza. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1989. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kwamba wagonjwa aliowadunga kwa sababu ya kope zinazojikaza walipoteza pia mikunjo. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliandika habari hiyo mwaka 1992, na idhini ya Marekani kwa ajili ya urembo ikafuata mwaka 2002.

Kinachotenganisha dawa na sumu hapa ni kipimo. Yuniti moja ni kiasi kinachoua nusu ya panya wadogo wa maabara waliodungwa. Dozi ya kawaida ya Botox kati ya nyusi ni yuniti 20, na yuniti za kiwanda kimoja si sawa na za kiwanda kingine. Chupa yake hutunzwa katika jokofu, kwa kawaida kati ya nyuzi 2 na 8. Katika mzigo wa basi, ni nani apimaye joto? Katika saluni, ni nani ahesabuye yuniti, na ni nani ajuaye kwamba msuli wa jirani ukiguswa kope huanguka? Mwaka 2024, Marekani kwenyewe, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kupata madhara baada ya kudungwa sindano bandia au zisizotunzwa ipasavyo.

Sisemi kwamba mtu mzima atakaye kupunguza mikunjo ametenda kosa. Nasema kwamba mkunjo si ugonjwa, na asiyeumwa hana sababu ya kukubali hatari kubwa. Mikunjo mingi huletwa na umri na jua, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila tupandapo mita 1,000. Mkulima wa Ufipa akivaa kofia pana ameilinda ngozi yake kwa gharama ndogo, japo hatafuta miaka yake. Anayeshikilia kutaka sindano na aulize mambo mawili: je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na je, anayedunga ni daktari mwenye leseni?

Nasema pia kwamba ni aibu kwetu sayansi hii kutufikia kwanza kama biashara ya urembo. Dawa hii hii hulegeza misuli iliyokakamaa ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, akaweza kukanyaga chini kwa unyayo mzima. Mzazi wa mtoto huyo hatumiwi tangazo lolote. Akisikia habari za dawa hii, atazisikia kwa mwalimu au kwa daktari, au hatazisikia kabisa.

Ndugu walimu, neva, misuli, bakteria na hifadhi ya chakula vyote vimo katika Biolojia tunayofundisha. Kilichobaki ni kuviunganisha. Binti yetu hakudungwa. Shule zilipofunguliwa alilipeleka tangazo lile darasani, akawataka wanafunzi waandike maswali yote ambayo muuzaji alipaswa kuyajibu. Yalijaza ubao.