Kwa nini rubani hakukimbilia kutua

Novemba 4, 2010, dakika chache baada ya kuondoka Singapore kuelekea Sydney, ndege ya Qantas aina ya Airbus A380 ilipasukiwa na injini moja kati ya nne ikiwa juu ya kisiwa cha Batam, Indonesia. Vipande vya chuma viliangukia makazi ya watu. Ndani ya ndege walikuwamo watu 469.

Uwanja wa Changi ulikuwa karibu, na wengi wangetarajia ndege igeuke na kutua papo hapo. Nahodha Richard de Crespigny hakufanya hivyo. Kwa takriban dakika 50 marubani watano walipitia orodha za ukaguzi, huku kompyuta ikitoa onyo juu ya onyo. Gurudumu la chuma linalozunguka ndani ya injini lilikuwa limevunjika, na vipande vyake vikatoboa bawa, vikakata nyaya na kutoboa matangi ya mafuta. Mafuta yaliyobaki hayakuweza kumwagwa; ndege ingetua ikiwa na uzito wa tani 50 hivi kupita kiwango, tena kwa breki zisizotimia. Kushuka pasipo kuyajua hayo kungekuwa hatari kuliko kubaki angani.

Ilisimama ikiwa imebakiza kama mita 150 za njia ya kurukia.

Uamuzi mgumu zaidi pengine ulikuja hapo. Mafuta yalivuja karibu na breki zilizokuwa na joto kali, na injini nyingine ilikataa kuzimika. Kuwatelezesha abiria kwa vifaa vya dharura kungewapeleka kwenye mafuta hayo, mbele ya injini inayonguruma, na baadhi yao wangevunjika viungo. Wakaambiwa wangoje. Zimamoto walimwaga povu, na baada ya karibu saa nzima wa kwanza wakateremka kwa ngazi za kawaida, upande wa kulia. Hakuna aliyejeruhiwa.

Wachunguzi wa Australia walieleza mwaka 2013 kwamba chanzo kilikuwa kibomba cha mafuta ya kulainishia, kilichotobolewa kombo kiwandani hata ukuta wake ukawa mwembamba upande mmoja. Ulipata ufa, mafuta yakavuja na kuwaka. Qantas iliziweka chini A380 zake hadi Novemba 27; Singapore Airlines na Lufthansa, zilizotumia injini za aina hiyo hiyo, nazo zilibadilisha baadhi.