Oda ya ng'ambo ikikatika, mzigo asibebeshwe mtoto

Katika nyumba nyingi za Nansio na visiwa vingine vya Ukerewe, mipango ya shule huanzia ziwani. Sangara akipata bei nzuri, viatu vya shule vinanunuliwa, godoro la bweni linapatikana na nauli ya meli ya kwenda Mwanza haileti mjadala mezani. Bei ikianguka, kila kitu kinaahirishwa, na mara nyingi wa kwanza kuambiwa asubiri ni mtoto.

Bei hiyo haipangwi mwaloni. Mnofu wa sangara unaotoka Ukerewe hupita kiwandani Mwanza, ukamalizia safari kwenye meza ya hoteli au sokoni Ulaya. Bondo lake, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, hukaushwa likaishia dukani Hong Kong na miji ya kusini mwa China. Ugonjwa ukizuka huko, au ukizuka huku na walioko huko wakaogopa, oda inakatika. Mama wa Nansio huipata habari hiyo siku ya pili au ya tatu, wakala anapomwambia kwamba leo hanunui.

Jambo hili limetokea zaidi ya mara moja, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba halitatokea tena. Ndiyo maana linawahusu wazazi, si wafanyabiashara peke yao.

Kipindupindu kilipofunga soko

Mwaka 1997 kipindupindu kilisambaa Afrika Mashariki. Tanzania peke yake iliripoti zaidi ya wagonjwa 40,000 mwaka huo. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Zuio hilo lilidumu hadi mwishoni mwa Juni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yalisema kuzuia samaki hakukuwa njia sahihi ya kukabili kipindupindu. Kimelea cha ugonjwa huo hufa samaki akipikwa, na watu wa Ulaya hawamli sangara mbichi. Hata hivyo, kauli hiyo haikujaza sufuria ya mtu yeyote ziwani. Viwanda vilipopunguza ununuzi, mvuvi alikosa pa kuuza, kibarua wa kiwandani akarudishwa nyumbani, na mama aliyekaanga mapanki, yale mabaki yanayobaki baada ya mnofu kuondolewa, akakosa mapanki ya kukaanga.

Mwaka uliofuata, 1999, likaja zuio jingine, safari hiyo kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Familia zilizokuwa zimeanza kusimama zikayumba tena.

Bidhaa ya fahari huwa ya kwanza kuachwa

Mwaka 2020 mambo yalikuja kwa njia nyingine. Januari 23 mji wa Wuhan nchini China ulifungwa kwa sababu ya virusi vya corona, siku mbili tu kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Karamu zikafutwa na migahawa ikafungwa. Hicho ndicho kipindi ambacho mabondo hutafutwa sana.

Inafaa mzazi aelewe bondo ni nini kwa yule anayelinunua. Kwa Wachina wengi, bondo kavu ni zawadi ya heshima. Hutolewa kwenye harusi, hupikwa supu kwa ajili ya mama aliyejifungua, na wapo wanaoliweka ndani miaka mingi kama mali, kwa imani kwamba likikaa sana thamani yake inapanda. Ndiyo maana kilo ya mabondo huuzwa kwa bei ambayo kilo ya minofu haiwezi kuisogelea. Pia ndiyo maana likikosekana mwaka mmoja, hakuna anayelala njaa kule.

Hali kama hiyo iliwakuta pia mafundi wa China kwenyewe. Mji wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang, unajulikana kwa kufua panga za kale, zile zinazonunuliwa na watu wa nchi za mbali ili zitundikwe ukutani. Mwishoni mwa Januari 2020 mamlaka za jimbo hilo ziliagiza viwanda vichelewe kufunguliwa baada ya mapumziko ya Mwaka Mpya. Anayesubiri upanga wa kutundika ukutani anaweza kusubiri miezi sita bila kupungukiwa chochote. Fundi aliyekuwa anasubiri malipo ya upanga huo hana subira ya namna hiyo, kwa sababu watoto wake wanakula kila siku.

Muuza bondo wa Nansio na mfua upanga wa Longquan wanafanana katika hilo. Wote wanauza kitu ambacho mnunuzi anakipenda lakini hakihitaji. Ugonjwa ukiingia, mtu huanza kuacha vile anavyovipenda, akabaki na vile anavyovihitaji.

Kufikia Machi, hoteli na migahawa ya Ulaya nayo ikafungwa. Ndege za abiria, ambazo hubeba pia samaki wabichi, zikapungua. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, na siku iliyofuata shule zikaagizwa kufungwa. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29.

Kwa familia ya mwaloni, hiyo ilikuwa miezi mitatu na zaidi ambayo mtoto yuko nyumbani na pesa haipo. Mtoto wa kambi ya wavuvi akikosa shule, kazi inamsubiri mlangoni: dagaa wa kuanika, maji ya kuchota, mtumbwi wa kusukuma. Kumsaidia mzazi ni malezi mema. Hatari iko pale ambapo mtoto wa kiume anaanza kupokea mgawo wake wa usiku, akauzoea, na shule ikifunguliwa anaiona kama hasara. Kwa binti hatari ni kubwa zaidi, maana nyumba ikikosa pesa hawakosekani wanaume wa kumpa nauli, vocha na samaki wa mboga.

Mtoto aambiwe ukweli wa kiasi chake

Kosa la kwanza la nyumba nyingi wakati wa dhiki ya namna hii ni kimya. Baba aliyezoea kurudi na mfuko anarudi mikono mitupu, anakaa nje hadi usiku, na mtoto akiuliza daftari anakaripiwa. Mtoto hajui habari za Hong Kong wala za Ulaya. Anachokiona ni kwamba baba amebadilika, na watoto wadogo hujichukulia kwamba kosa ni lao.

Maneno machache yanatosha. Mama anaweza kumwambia: "Mwanangu, wanaonunua mabondo wamesimama kwa sababu ya ugonjwa. Baba hajakukasirikia. Mwezi huu tutakula viazi na dagaa, viatu tutanunua baadaye, lakini shule utaenda." Katika maneno hayo mtoto anapata sababu, anaelewa kitakachopungua, na anaambiwa kitu kimoja ambacho hakitaguswa.

Kitu hicho kimoja ni muhimu. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazina ada, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imeondolewa pia. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, madaftari, chakula, nauli na vifaa vya bweni. Si vidogo, lakini vinaweza kuzungumzwa na mwalimu. Mzazi anayekwenda shuleni mapema kueleza hali yake husikilizwa vizuri kuliko yule anayemtuma mtoto na visingizio.

Hesabu zifanyike oda ikiwa hai

Familia zinazoishi kwa dagaa zina somo ambalo wengine wanaweza kuliazima. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiangaza, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mama wa dagaa anajua kwamba kila mwezi kuna siku ambazo hazina pesa, na anapima matumizi ya siku za giza akizikumbuka siku za mwanga. Mlipuko wa ugonjwa ni kama mbalamwezi isiyo na tarehe ya kuisha.

Tatizo la bondo na mnofu ni kwamba oda inapokuwa nzuri, nyumba husahau kwamba inaweza kukatika. Biashara inaendeshwa kwa mali kauli: wakala anachukua mzigo leo, analipa akishalipwa. Tajiri ananunua mashine kwa mkopo. Mama anachukua kitenge kwa deni, akitegemea mzigo uliokwisha kwenda Mwanza. Hapo pesa ambayo haijafika imeshatumika mara tatu. Oda ikikatika, wote wanageukiana, na mwisho wa mnyororo huo kuna nyumba yenye watoto.

Wazazi wanaweza kukubaliana mambo matatu wakati bei ingali juu. La kwanza, pesa ya shule ya muhula ujao itengwe mara tu mzigo unapolipwa, kabla ya nyavu na kabla ya kitenge, na iwekwe kwenye kikoba au akaunti ambayo si ya biashara. La pili, mtu asiahidi kitu kwa oda ambayo haijalipwa, hata kama ni kumwahidi mtoto baiskeli. La tatu, mikopo ya kausha damu isiguswe kwa ajili ya kungojea soko lifunguke, kwa sababu riba yake haisimami wakati soko limesimama.

Pia shamba lisiachwe. Ukerewe ni kisiwa cha mihogo, viazi vitamu, mpunga na machungwa, na zipo nyumba zilizoyaacha mashamba yakawa pori kwa sababu bondo lilikuwa linalipa. Wahenga walionya kwamba mtu asiuache mbachao kwa msala upitao. Nyumba yenye ghala la mihogo mikavu na michembe haitatajirika, lakini soko likifungwa haitamtoa mtoto shuleni ili akatafute mboga.

Ugonjwa usifichwe kwa kuogopa soko

Liko jambo moja zito kuliko pesa. Watu wakishajua kwamba mlipuko wa ugonjwa unafunga soko, kishawishi cha kuuficha huzaliwa. Mtoto anaharisha kambini, na mtu anasema asipelekwe zahanati, mwalo usije ukafungwa. Anayesema hivyo anaweza kuwa tajiri, jirani, au hata baba mwenyewe.

Kipindupindu hakimpi mtoto muda wa kujadiliwa. Kuharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, pamoja na kutapika, kunaweza kumuua ndani ya saa chache kwa kupoteza maji. Apewe ORS mara moja, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na wakati hayo yanafanyika, safari ya kituo cha afya iwe imeanza.

Kumficha mgonjwa mmoja hakulindi soko, kwa sababu huyo mmoja akibaki kambini bila choo na bila maji safi, wiki inayofuata kutakuwa na ishirini ambao hawafichiki. Lililosaidia samaki wa Ziwa Victoria kurudi Ulaya baada ya mazuio ya miaka ile ni usafi: ukaguzi viwandani, mabanda na vyoo kwenye mialo, maji safi na barafu. Choo cha kambi ni mtaji wa biashara kama ulivyo wavu, na mzazi anayedai kijengwe anatetea afya ya mwanawe na bei ya samaki kwa pamoja.

Magonjwa ya mlipuko hayajaondoka kandokando ya ziwa. Mkoa jirani wa Kagera ulipata Marburg Machi 2023, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo. Yote mawili yalidhibitiwa. Lini na wapi mwingine utazuka, hakuna mzazi wa Nansio anayeweza kupanga, na hawezi pia kumlazimisha mnunuzi wa Hong Kong aagize bondo wakati dunia ina hofu. Kilicho mikononi mwake ni kuamua, kabla siku hiyo haijafika, ni kitu gani nyumbani kwake kitakachokatwa mwisho. Baba na mama wakae walijadili hilo mapema, wakati mzigo umelipwa na watoto wameshiba.