Refa, chipu na mkono wa beki

Wadau, kuna jambo la Euro 2024 bado linanikera. Juni 29, pale Dortmund, Ujerumani walicheza na Denmark. David Raum akapiga krosi, mpira ukaparaza mkono wa Joachim Andersen kutoka hatua chache tu. Chipu iliyomo ndani ya mpira ikaonyesha mguso, refa Michael Oliver akaitwa kwenye runinga, akarudi na penalti. Kai Havertz akafunga, Denmark wakalala 2-0.

Siku 6 baadaye, Stuttgart, muda wa nyongeza, ubao unasoma 1-1. Jamal Musiala anaachia shuti, linagonga mkono wa Marc Cucurella wa Hispania. Refa Anthony Taylor anapeta! Hispania wakashinda 2-1.

Sasa shabiki wa Denmark utamwambia nini? (Kwangu mimi, ya Cucurella ndiyo ilikuwa na hoja zaidi.)

Chipu inajua mpira umegusa, basi. Lakini sheria haikatazi kila mguso. Inauliza kama beki amekusudia kuunawa, au ameutanua mwili wake isivyo kawaida kwa mwendo aliokuwa nao. Hilo atalijua mtu aliyewahi kucheza. Hebu jaribu kukimbia na kugeuka ghafla huku mikono umeificha mgongoni, uone utakavyopepesuka. Andersen alikuwa anakimbia jamani.

Refa akiitwa pale pembeni, wasimgandishie picha. Wamwonyeshe tukio zima kwa mwendo wake wa kawaida, kisha wamwache aamue.