Kuagiza Motokaa Kiwandani: Karatasi si Nafasi

Mtu akimwendea seremala kumwagizia kitanda, hutaja urefu na upana autakao, huchagua mbao, hutoa arbuni, na seremala humwambia arudi baada ya wiki tatu. Wiki hizo zikipita na kitanda hakijawa tayari, mwenye kuagiza anaujua mlango wa kuubisha na mtu wa kumwuliza. Wengi hudhani kwamba kuagiza motokaa mpya kiwandani ni mfano wa hayo. Sivyo hata kidogo. Na kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wapo wenye watoto na ndugu wanaokaa Marekani, ambako kwa nyumba nyingi motokaa si anasa bali ndiyo miguu ya kwendea kazini na ya kuwapelekea watoto chuoni, tumeona inafaa mwezi huu kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo. Asije mtu akatoa fedha zake na kuliuza gari lake la zamani kwa kutegemea ahadi ambayo hajui imesimama juu ya nini.

La kwanza kulijua ni hili: mnunuzi wa Marekani anayetaka gari la Ford au la General Motors hanunui kwa kiwanda, bali hununua kwa wakala. Na wakala huyo si mtumishi wa kiwanda. Ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye mkataba wa kuuza magari ya kampuni ile, na sheria za majimbo mengi zinamlinda ili kampuni isimruke ikawauzia watu moja kwa moja. Kiwanda humwuzia wakala, na wakala humwuzia mtu. Kwa hivyo anayetia sahihi karatasi ya kuagiza, kwa hakika anamwomba wakala amwagizie. Na hapo katikati, baina ya ombi na kiwanda, ndipo lilipokaa neno ambalo wengi hawalisikii mpaka wameshachelewa, nalo ni mgao.

Mgao ni hesabu ya magari ambayo kiwanda humkubalia kila wakala kwa kipindi maalumu. Haugawanywi sawa kwa sawa. Kwa desturi hufuata mauzo: aliyeuza mengi ya aina ile huko nyuma hupewa mengi, na aliyeuza machache hupewa machache. Tuseme wakala wa mji mdogo ana wateja 20 walioandikisha majina kwa gari la aina mpya, na mgao wake ni magari 2. Wateja wote 20 wanazo karatasi mikononi, na pengine wote wametoa arbuni, walakini wenye nafasi ni wawili tu. Waliobaki 18 hawamo katika foleni ya kiwanda. Wamo katika mtoto wa meza ya wakala. Hii ndiyo tofauti tunayotaka kila msomaji aishike: karatasi si nafasi.

Tena kuna kizuizi cha pili, nacho ni vipande. Hata penye mgao, ikiwa mteja ametaka injini au paa ambalo kiwanda hakina la kutosha, agizo lake husimama, na la mwingine aliyekuja nyuma yake akitaka gari la kawaida hutangulia. Basi anayemwona jirani yake aliyeagiza baadaye amepata kabla yake, asifanye haraka kusema kwamba amedhulumiwa. Huenda amedhulumiwa, na huenda hakudhulumiwa. Dawa ni kuuliza, na kuuliza kwa maneno yanayojulikana.

Maneno hayo yapo. Katika General Motors, kila agizo huenda kwa namba zinazoonyesha limefika wapi. Namba 1100 maana yake ni kwamba wakala ameliandika agizo, lakini kiwanda hakijalikubali. Namba 2000 maana yake limekubaliwa, yaani limepata mgao. Kwenye 3000 huwa limepokewa na wanaopanga kazi ya kiwanda, na kwenye 3300 limewekewa wiki ya kutengenezwa. Kwenye 3800 gari limekwisha tengenezwa, kwenye 4200 limo safarini, na kwenye 5000 limefika kwa wakala. Mtu anaweza kukaa miezi mingi katika 1100 huku akiambiwa kila akipiga simu kwamba agizo lake limo. Ni kweli limo, lakini limo nje ya mlango. Neno la kweli likisemwa nusu laweza kumpoteza mtu sawa na uongo.

Tuonyeshe kwa mfano uliotokea. Mwezi wa Juni mwaka 2021 Ford ilionyesha gari dogo la mizigo liitwalo Maverick, linaloundwa mjini Hermosillo katika nchi ya Meksiko. Lilikuwa na injini ya petroli iliyounganishwa na mtambo wa umeme, halinywi mafuta mengi, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 19,995. Kwa watu wa kipato cha kadiri hili lilikuwa jambo kubwa, wakaliagiza kwa wingi. Mwezi wa Januari mwaka 2022 Ford ikafunga kupokea maagizo ya mwaka ule, kwa kuwa yaliyokwisha pokewa yaliwashinda waundaji. Septemba mwaka huo huo yakafunguliwa maagizo ya gari la mwaka 2023, na kwa muda wa kama wiki moja yakafungwa tena. Na bei ya kuanzia ya gari hilo la 2023 ilikuwa imepanda kwa zaidi ya dola 2,000. Hapa ndipo ucheleweshaji unapogeuka hasara ya fedha: agizo lisilopata nafasi mpaka mwaka wa gari ukaisha huambiwa liandikwe upya, na huenda likakuta bei mpya.

Na aina nyingine, Bronco ya kampuni hiyo hiyo, ilifunguliwa kuandikisha majina Julai 2020 kwa arbuni ya dola 100 yenye kurudishwa. Magari yakaanza kutoka katikati ya 2021, lakini mapaa magumu yakawa machache, na mwezi wa Agosti kampuni ikatangaza kwamba itayabadilisha mapaa hayo katika magari yote yaliyokwisha kuundwa, kwa sababu hayakustahimili maji na unyevu. Mamia kwa mamia ya magari yakawa yamesimama uwanjani yakingoja, na maagizo mengi yakasukumwa mpaka mwaka wa pili.

Wala si paa peke yake. Miaka ile dunia nzima ilipungukiwa na vile vipande vidogo vya umeme viitwavyo chipu, ambavyo motokaa ya siku hizi haiwezi kwenda bila ya hivyo. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020 viwanda vya magari vilipunguza kuagiza chipu, na waundaji wa chipu wakatoa nafasi yao kwa wenye kompyuta na simu. Watu waliporudi kununua magari, nafasi haikuwapo tena. Februari 2021 baridi kali ya Texas ikavifunga viwanda vya chipu katika mji wa Austin, na Machi 2021 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas kilichoko Naka, nchini Japani. Basi mwenye kuagiza gari huko Ohio akawa anangoja kwa sababu ya moto uliowaka upande wa pili wa dunia. Haya wakala hana makosa nayo. Kosa lake ni pale anapoyajua akanyamaza, ili mteja asiende kwingine.

Na uhaba ukiingia, tamaa hufuata nyuma yake. Marekani ipo sheria ya mwaka 1958, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inayolazimisha kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi ya bei. Watu wengi huidhania bei ile kuwa ndiyo mwisho, kumbe ni bei ambayo kiwanda kinapendekeza tu, na wakala anaweza kudai zaidi. Katika miaka ya 2021 na 2022 wako waliongoja miezi mingi, na gari lilipofika wakaambiwa waongeze maelfu ya dola juu ya bei ile, au lauzwe kwa mwingine. Mambo yalifika hadi Februari 2022 mkuu wa Ford, Jim Farley, akasema hadharani kwamba mawakala wanaofanya hivyo wanajulikana, na kwamba mgao wao wa mbele utaguswa. Tazama, msomaji: kiwanda kilipotaka kumtia adabu wakala, fimbo kilichoichukua ilikuwa mgao. Kwa hayo utajua thamani yake.

Yatupasa pia tutaje upande wa sharia, kwani mambo ya kuuza kitu ambacho bado hakijawapo si mageni kwa wanazuoni wetu. Kuuza kwa salamu kunajulikana katika vitabu vyetu vya Kishafii: kitu kielezwe sifa zake zote, muda ujulikane, na thamani itolewe pale pale wanapofungia mkataba. Wahanafi wamekubali pia mkataba wa kumwagizia fundi kitu akitengeneze. Na arbuni ya kupotea mnunuzi akighairi, wanazuoni walio wengi wameikataza, na Imamu Ahmad akairuhusu. Ama anayemwuzia mwenziwe nafasi yake ya foleni, au gari ambalo halijawa lake, na akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Hatutoi fatwa hapa, kwani kila mkataba una sura yake. Aulizwe mwenye ilimu, na aonyeshwe karatasi yenyewe.

Basi, enyi vijana wetu mlioko huko, na ninyi wazee mnaowatumia fedha za kusaidia, kabla ya kutoa hata dola moja mwulizeni wakala maswali haya. Je, mgao wa gari hili unao sasa, au unautumaini? Kabla yangu wako wangapi wanaongoja aina hii hii? Katika niliyoyataka, lipi lenye uhaba, na nikiliacha nitatangulia? Bei ni hii ya karatasi, au utaongeza, na ikipanda mwaka ukigeuka atabeba nani? Arbuni yangu itarudi nikighairi, na itarudi baada ya siku ngapi? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Baadaye mwombeni namba ya hali ya agizo, na likiwekewa wiki ya kutengenezwa, namba ya chesi. Wakala mwaminifu hataona uzito kuwapa. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha jibu.

Na lililo kubwa kuliko yote, msiliuze gari linalowapeleka kazini mpaka jipya liwe uwanjani kwa wakala na funguo zimeonekana. Mtu anayejua kwamba atangoja miezi 8 hujipanga, akangoja kwa moyo mkunjufu. Anayeambiwa kila mwezi kwamba ni mwezi ujao, huyo huvunjiwa mipango yake, na huingia gharama za teksi na gari la kukodi mpaka akiba ya nyumba ikaisha. Subira ni sifa njema, walakini haimwondolei muuzaji wajibu wa kusema kweli, wala haimkatazi mnunuzi kuuliza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.