Nyumba ya Kiroboto ni Sakafu, si Mbwa

Palikuwa na karani mmoja wa kiwanda cha majani ya chai, aliyefuga mbwa wa kulinda boma na paka wa kulinda ghala ya mahindi. Mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, mtoto wake wa miaka miwili alianza kuamka usiku akilia na kujikuna, na asubuhi miguu yake ikaonekana imejaa vipele vyekundu tangu vifundoni mpaka magotini. Mama yake alipomlaza mbwa chali na kufunua manyoya ya tumboni, aliwaona viroboto wengi wakikimbilia kujificha. Karani alikasirika sana, akaamuru mbwa apelekwe kwa jamaa ng'ambo ya mto, na paka atiwe guniani akaachwe mbali.

Mkewe akasema, "Baba Watoto, mbwa akiondoka, mbuzi watalindwa na nani? Na paka akiondoka, panya watatuachia nini ghalani?"

Karani akajibu, "Mama Watoto, damu ya mwanangu ni bora kuliko mbuzi na mahindi." Basi wanyama wakaondolewa siku ile ile.

Siku ya tatu yake watu wa nyumba ile hawakulala kabisa. Viroboto waliokuwa wakimwuma mtoto peke yake sasa waliwauma wote, mkubwa kwa mdogo. Karani akaenda kwa jirani yake, mzee ambaye zamani alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na baada ya kuamkiana akamweleza habari zote. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mbwa alikuwa meza yao ya chakula. Wewe umeiondoa meza, lakini walaji umewaacha nyumbani. Sasa watakula wapi, isipokuwa kwako?"

Maneno ya mzee yule ni kweli tupu, na kila mwenye kufuga mbwa au paka yampasa ayafahamu, kwani watu wengi hupigana na viroboto mwaka mzima wasishinde kwa sababu hawajui adui anakaa wapi.

Maisha ya Kiroboto

Kiroboto ni mdudu mdogo asiye na mabawa. Urefu wake ni milimita 2 au 3, na mwili wake umebanwa mbavuni ili apate kupita upesi kati ya manyoya. Katika nchi nyingi, kiroboto aonekanaye sana juu ya mbwa ni yule ambaye wataalamu humwita kiroboto wa paka, naye hachagui: huwauma paka, mbwa na watu pia.

Jike akishakunywa damu huanza kutaga kwa muda wa siku moja au mbili, na huweza kutaga mayai 40 au hata 50 kwa siku. Mayai hayo hayashikamani na manyoya. Mbwa akijitikisa au akilala, hudondoka kama chumvi iliyomwagika, yakaingia katika nyufa za sakafu, chini ya kitanda, ndani ya mkeka na katika gunia alalalo mbwa. Baada ya siku chache hutoka viwavi wadogo weupe wasiopenda mwanga, wakajificha vumbini. Chakula chao kikubwa ni mavi ya viroboto wazima, ambayo kwa kweli ni damu iliyokauka.

Kiwavi akishakua hujifumia kifuko cha uzi wenye kunata, nacho hushikwa na vumbi hata kisionekane. Ndani ya kifuko hicho kiroboto mpya huweza kuwa tayari baada ya wiki moja au mbili, lakini asiposikia dalili ya kiumbe karibu huweza kungoja miezi mingi. Akisikia mtikisiko wa nyayo, joto la mwili au pumzi, hutoka mara moja kutafuta damu. Hii ndiyo sababu nyumba iliyofungwa wakati wa likizo huonekana haina mdudu, lakini wenyewe wakirudi hushambuliwa siku hiyo hiyo.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila 100 ya jamii hii, mayai, viwavi na vifuko vikihesabiwa pamoja, 5 tu hivi ndio viroboto wazima walio juu ya mnyama. Wale 95 wamo nyumbani. Basi amwoshaye mbwa peke yake amepigana na watu watano, akaliacha jeshi zima nyuma yake.

Hatari Zake

Wako wasemao kwamba kiroboto ni udhia tu, si maradhi. Hilo si kweli. Mtoto wa mbwa au wa paka akishambuliwa na viroboto wengi huweza kupungukiwa damu hata akafa. Tena kiroboto huchukua tegu wa mbwa: mtoto wa binadamu achezaye na mbwa, akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya, huweza kuota tegu tumboni, na vipande vyake vikaonekana chooni kama punje za mchele. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba kijidudu kiitwacho Rickettsia felis, ambacho huchukuliwa na viroboto, kilionekana katika damu ya wagonjwa wa homa kaskazini mashariki mwa Kenya.

Na yule karani aliyemtupa paka wake angalikumbuka jambo moja zaidi. Mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba tauni hutoka kwa panya ikaingia kwa watu kwa njia ya viroboto. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na maduka ya mtaa wa Wahindi yakachomwa moto ili kuizuia. Panya akizidi nyumbani, viroboto wake nao huzidi. Kwa hiyo paka aliye safi ni askari wa nyumba, na kumfukuza ni kumfungulia panya mlango.

Namna ya Kupigana Naye

Kwanza, mwenye nyumba na apate hakika. Achukue kitana chenye meno ya karibu sana, amchane mbwa mgongoni karibu na mkia, na uchafu utakaotoka auweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu, na viroboto wapo hata kama hawajaonekana.

Pili, wanyama wote wa nyumba watunzwe siku moja, mbwa na paka pamoja. Akitunzwa mmoja, mwingine atakuwa ghala ya kuwarudisha. Mbwa aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kuanzia shingoni ili viroboto wasikimbilie masikioni na machoni. Kisha achanwe kwa kitana, na kila kiroboto apatikanaye atumbukizwe katika bakuli la maji ya sabuni, afe humo. Paka asiyekubali maji yatosha achanwe kila siku.

Tatu, matandiko. Gunia la mbwa lililochakaa na lichomwe moto. Mablanketi na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na mikeka na magodoro yatolewe nje yaanikwe katika jua kali kutwa nzima, yakigeuzwa upande wa pili, maana viwavi hawastahimili ukavu na jua.

Nne, na hili ndilo kubwa, sakafu. Vitanda na masanduku yasogezwe, pembe zote zifagiliwe, na takataka zisitupwe nyuma ya nyumba, bali zichomwe au zitiwe katika maji ya sabuni. Sakafu ya saruji isuguliwe kwa maji ya moto na sabuni. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kidogo ili vumbi litulie, ifagiliwe, kisha nyufa zake zizibwe kwa udongo mzito uliopondwa vizuri na kusawazishwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya viroboto, ufa ndio nyumba yenyewe. Faida yake ni mbili, kwa kuwa funza, aingiaye katika vidole vya miguu, naye ni aina ya kiroboto, na vumbi la sakafu ndilo limleeleo vilevile.

Tano, kazi irudiwe. Vile vifuko havifi upesi kwa sabuni wala kwa dawa, na kila wiki watatoka viroboto wapya. Kwa muda wa miezi mitatu nyumba ifagiliwe kila siku, matandiko yafuliwe kila wiki, na mbwa achanwe mara kwa mara. Watu wengi hushindwa hapa: wiki ya pili wakiona viroboto tena husema dawa haina nguvu, wakaacha. Kumbe hao ni wale waliokuwamo katika vifuko, na wakizuiwa kutaga, jamii yao itakwisha.

Habari ya Dawa

Zipo dawa njema za siku hizi: matone yatiwayo shingoni, na vidonge ambavyo mbwa akimeza, damu yake huwaua viroboto waiinywao kwa muda wa wiki nyingi. Daktari wa mifugo ataeleza kiasi kipasacho kwa uzito wa mnyama. Watoto wa mbwa na wa paka walio wachanga wasipewe dawa yo yote bila shauri lake.

Maua ya pareto, ambayo wakulima wa Nakuru, Nyandarua na Kisii huyajua, hutoa dawa iuayo viroboto upesi, lakini nguvu yake hupotea haraka katika mwanga wa jua. Iko dawa ya viwandani iliyotengenezwa kwa kuiga pareto, iitwayo permetrini. Dawa hiyo hutumika kwa mbwa, lakini kwa paka ni sumu, na yaweza kumwua. Asitiwe paka dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, hata kidogo.

Unga wa DDT, ulionyunyizwa katika nyumba nyingi baada ya Vita Kuu ya Pili, usitafutwe tena. Viroboto wa mahali pengi walikwisha kuuzoea, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliruhusu utumike kwa kuzuia wadudu waletao maradhi peke yake. Vivyo hivyo mafuta ya taa na mafuta machafu ya motokaa huunguza ngozi, na mnyama akijilamba hudhurika. Dawa ya kunyunyizia mazao isiguse kabisa mwili wa mnyama, na dawa ya kuogeshea ng'ombe asitiwe mbwa wala paka kwa kukisia.

Mwisho wa Karani Yule

Karani alirudi nyumbani na maneno ya mzee moyoni. Mbwa akaletwa kutoka ng'ambo ya mto, akaoshwa na kutiwa dawa aliyoagiza daktari wa mifugo. Karani mwenyewe alikunja mikono ya shati akaziba nyufa za sakafu, na mkewe akaanika magodoro. Wiki ya pili viroboto wakaonekana tena, karani akataka kukata tamaa, lakini mkewe akasema, "Baba Watoto, mzee alituambia miezi mitatu, hakutuambia siku kumi na nne." Wakaendelea. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha, mtoto alikuwa akilala usiku kucha, na miguu yake imepona.

Lakini paka hakuonekana tena. Panya walikula mahindi ya karani na kutoboa magunia yake, mpaka alipopata paka mwingine kwa jirani. Siku alipomleta, kabla hajamwingiza ndani, alikaa naye barazani akamchana kwa kitana kutoka kichwani mpaka mkiani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mnyama, matandiko na sakafu vikitunzwa siku moja, tena vikitunzwa mpaka mwisho, hakuna haja ya kumfukuza mlinzi wa boma wala mlinzi wa ghala.