Aliyenunua gemu asilipishwe mara mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona ni la watoto, lakini ambalo kwa kweli linahusu fedha za wananchi na haki ya kila mnunuzi. Nauliza hivi: mtu aliyekwisha kununua gemu ya kompyuta kwa fedha yake halali, kisha akaiondoa Windows katika kompyuta yake na kuweka Linux, je, ni haki alipishwe gemu ile ile kwa mara ya pili?

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Katesh, wilayani Hanang. Wateja wangu wanatoka hapa mjini, Basotu, Dongobesh na hata Haydom kule Mbulu. Karibu kompyuta zote ninazoletewa ni za mtumba. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11 iliyochukua nafasi yake inazikataa mashine nyingi za zamani, hata kama bado ni nzima kabisa. Sasa mkulima wa Mbulu aliyeuza vitunguu saumu akamnunulia mwanawe kompyuta, aitupe jalalani? Ndiyo sababu wengi wanahamia Linux, mtambo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa. Kwa kuandika barua, kupiga hesabu na kutumia intaneti hawapati shida. Taabu huanza kwenye gemu.

Gemu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu, na ukiihamisha gemu kama ilivyo haichezi. Mwishoni mwa mwaka jana kijana mmoja kutoka Dongobesh alinijia na gemu yake ya mpira wa miguu iliyo katika sidii, pamoja na risiti. Aliwaandikia waliomuuzia akiomba msaada, akajibiwa kwamba kama anataka kuicheza katika Linux atafute duka jingine anunue upya. Yaani risiti mkononi, sidii mkononi, lakini mali si yake tena!

Ndugu Mhariri, naomba niwape wasomaji mfano ambao sisi wa vijijini tunaujua vizuri. Umeme wa REA ulipofika katika vijiji vyetu, wenye mashine za kusaga waliokuwa wakitumia injini za dizeli waliweka mota za umeme. Mwenye mashine alinunua mota, akamlipa fundi wa kufunga, kazi ikaendelea. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa, "Kwa kuwa sasa unatumia umeme, lipia tena kinu ulichonunua zamani." Angetokea mtu wa kudai hivyo tungemwita mlanguzi. Kilichobadilika ni kinachosukuma kinu, na aliyefanya kazi ya kubadili alipata ujira wake.

Na hapo ndipo penye kiini cha maoni yangu. Anayefanya kazi alipwe. Asiyefanya kazi yoyote mpya asidai malipo mapya.

Historia ya gemu za Linux inaonyesha tofauti hiyo. Huko Marekani, mwaka 1998 ilianzishwa kampuni iitwayo Loki. Ilikuwa ikichukua gemu za kampuni nyingine kwa makubaliano, ikizifanyia kazi upya hadi zikubali Linux, kisha ikiziuza kwa bei yake. Aliyekuwa nayo ya Windows, akitaka ya Linux, ilimbidi alipe tena. Mimi siwalaumu, kwani watengenezaji wale walikesha juu ya kazi ile, na bila wao gemu zile zisingecheza. Hata hivyo wanunuzi walikuwa wachache, na Januari 2002 kampuni ikafungwa.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 2010 kampuni ya Valve, yenye duka la gemu liitwalo Steam, ilianza utaratibu kwamba kwa gemu zilizoingizwa katika mpango huo, ukinunua mara moja unaruhusiwa kuicheza katika Windows na pia katika kompyuta za Mac. Februari 2013 Linux nayo ikaingizwa rasmi. Kisha Agosti 2018 Valve ikatoa Proton, programu inayoiwezesha gemu ya Windows kucheza katika Linux hata kama aliyeitengeneza hajagusa chochote. Proton yenyewe imejengwa juu ya Wine, ambayo watu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiitengeneza na kuigawa bure tangu mwaka 1993.

Kwa hiyo leo kazi kubwa ya kuifikisha gemu ya Windows katika Linux imefanywa na watu wengine, na wengi wao hawakudai hata senti moja. Mwenye gemu akija kuniambia nilipe tena, ananilipisha jasho la nani? Yule kijana wa Dongobesh nilimfungia gemu yake kwa kutumia Wine, kazi iliyonichukua karibu siku nzima kwa sababu ya umeme kukatika mara mbili. Alinilipa ujira wangu, akaenda zake na gemu yake inacheza.

Wako watakaosema kwamba watengenezaji wa gemu nao wana watoto wa kusomesha, na kwamba sisi Watanzania tumezoea vya bure. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inawapiga wasiohusika. Ukipita katika vibanda vya gemu vya miji yetu midogo utakuta nakala nyingi za wizi, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999 na COSOTA ipo. Aliyeiba nakala hajali leseni inasema nini, wala hakuna anayemwambia alipe mara ya pili, kwani hata ya kwanza hakulipa. Anayebanwa ni yule mwaminifu mwenye risiti. Ukimlipisha mara mbili unamfundisha kwamba uaminifu ni ujinga, na safari ijayo naye ataingia kwenye nakala za wizi. Hasara hiyo itamrudia mtengenezaji mwenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Ndugu wasomaji watakumbuka tulipohama kutoka analojia kwenda dijitali, kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba, 2012. Televisheni ya mtu ilikuwa nzima, lakini bila kingamuzi haikuonyesha kitu. Tuliambiwa ni maendeleo, tukakubali, tukanunua. Mwaka 2018 chaneli za ndani za kutazamwa bure zikaondolewa katika ving'amuzi vya kampuni za kulipia, kwa sababu leseni zao hazikuruhusu. Serikali ilikuwa na sababu yake, kwani ilitaka mwananchi asilazimike kulipia chaneli za bure. Lakini wako waliolazimika kununua kingamuzi cha pili ili waone taarifa ya habari ile ile waliyokuwa wakiiona jana yake. Nyumba moja, televisheni moja, ving'amuzi viwili juu ya kabati! Maamuzi ya leseni hufanywa mbali, na gharama inaishia kwa mtu wa mwisho.

Sisemi kwamba kila malipo ya pili ni dhuluma. Ikiwa kampuni imeifanyia gemu kazi mpya ya kweli, ikaandika upya sehemu zake na kuahidi kuitunza katika Linux kwa miaka kadhaa, basi idai ada ndogo ya kazi hiyo kwa wale wenye risiti, na si bei nzima. Hata hivyo ikiacha kuitunza ijue ina deni. Mfano upo: mwaka 2020 watengenezaji wa gemu ya Rocket League walipoacha kuihudumia Linux, walikubali kuwarudishia fedha wateja wa Linux walioomba. Huo ndio uungwana wa biashara.

Lililo baya kuliko yote ni kufichwa. Mnunuzi anabonyeza neno "nunua" akidhani amenunua, kumbe amepewa ruhusa tu ya kutumia, na masharti yake yameandikwa katika kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria. Jimbo la California, ambako kampuni nyingi za gemu ziko, limetunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inayomtaka muuzaji wa vitu vya namna hii aseme wazi kwamba anachouza ni leseni. Kama wao wenye kampuni wameona kuna haja ya kumlinda mnunuzi wao, sisi tunangoja nini?

Isitoshe, tangu Julai 2022 Serikali inatoza kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni hapa nchini. Mtu akilipishwa gemu moja mara mbili, kodi nayo inakatwa mara mbili. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mauzo haya ni mambo ya vijana na ya ng'ambo yasiyotuhusu.

Naiomba Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji, iwatake wauzaji wanaopokea fedha za Watanzania waandike kwa Kiswahili, kabla mtu hajalipa, gemu inacheza katika mtambo gani na itakuwaje mnunuzi akihama. Na vijana wetu wanaotengeneza gemu na programu hapa nchini nawaomba wamuuzie mtu, wasiiuzie mashine yake. Mashine za mtumba hufa, na Katesh zinakufa haraka zaidi kwa vumbi la kiangazi.

Fundi wa Kompyuta,
Katesh, Hanang.